Spidi imeingia kwenye rimu

Rimu yenyewe ninayo mpaka leo. Imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, nyumbani kwetu Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na mama ameigeuza mahali pa kuanikia kitambaa cha kupangusia mikono. Ni rimu ya nyuma ya baiskeli ya mzigo, ya chuma. Ukiishusha na kuigeuza kwenye mwanga utaona upande wa ndani, ule unaotazama spoki, umelika ukang'aa kama kijiko cha zamani. Hapo ndipo raba za breki zilipokuwa zikibana. Baiskeli zile hazikuwa na waya wa breki, zilikuwa na vyuma: ukivuta mkono, vyuma vinainua raba, raba inabana rimu kwa ndani. Karibu na tundu la valvu kuna bonde dogo, upana wa kidole gumba. Bonde hilo ni la siku ninayotaka kuisimulia.

Nilikuwa na miaka 14. Jumamosi nilishusha ndizi kutoka nyumbani hadi soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Siku hiyo nilipakia mikungu mitatu ya mshare, miwili ubavuni na mmoja juu ya keria. Kwa kukisia ilikuwa kilo 60. Mimi nilikuwa na kilo 50, baiskeli 20. Mlima wote huo mzigo wa kilo 130 unashuka juu ya magurudumu mawili, na anayeuzuia ni mtoto wa darasa la saba.

Nilishika breki tangu natoka kwenye njia ya kihamba, shamba letu la nyumbani. Niliogopa spidi, kwa hiyo sikuachia hata mara moja. Kila mteremko nimebana, kila kona nimebana, hata pale barabara ilipolala kidogo bado nimebana. Nusu ya safari nikaanza kusikia harufu ya raba inayoungua. Nikadhani kuna watu wanachoma matairi mahali. Halafu, pa! Kama bunduki. Tyubu ya nyuma ilikuwa na viraka vitatu na kimoja kilibanduka kwa joto. Rimu ikagonga jiwe, mimi na ndizi zote tukaishia mtaroni. Goti lilichanika, kiwiko kilichanika, na ndizi zilichubuka vibaya kiasi kwamba hakuna mchuuzi aliyezitaka siku ile.

Ilikuwa bahati tu kwamba palikuwa hatua chache kutoka kwa fundi baiskeli, upande wa Rau Madukani. Mzee mmoja mkimya, amekaa kwenye boksi la soda chini ya mti. Nikamwamkia huku nachechemea.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Pole mwanangu. Lete hapa."

Akaiinamia ili atoe tairi, akagusa rimu, akaurudisha mkono haraka. Hakusema kitu. Alichota maji kwenye karai lake la kutafutia pancha, akayanyunyiza juu ya rimu. Yalilia kama mafuta kwenye kikaango.

"Umeshuka umebana breki tangu juu?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi umeipika. Ile spidi uliyoikataa unadhani imekwenda wapi? Imeingia kwenye rimu."

Nimefundisha fizikia kwenye sekondari za hapa Moshi kwa miaka 19 sasa, na sijawahi kupata sentensi ya kufungulia mada ya nishati inayoifikia hiyo. Shule ya msingi tulikariri kwamba nishati haiumbwi wala haiteketezwi, hubadilika tu kutoka hali moja kwenda nyingine. Tuliimba kama wimbo wa mchakamchaka. Sekondari tukaikuta tena kwa Kiingereza, tukaikariri tena, na mtihani ukaisha. Lakini swali la fundi, imekwenda wapi, ndilo swali lenyewe. Mwanafunzi anayejua kuuliza hivyo nimekwisha mfundisha, hata kama ameisahau fomula.

Fomula zenyewe ni mbili. Kitu kilicho juu kina nishati kwa sababu ya kimo chake: chukua kilo zake, zidisha kwa 9.8, ambayo ni kiasi dunia inavyovuta, zidisha kwa mita za kimo. Vitabu huiita nishati tuli. Darasani naiita nishati ya kimo, maana neno tuli humfanya mtoto afikiri kwamba kitu kimelala na hakina neno, kumbe mkungu ulio juu ya keria pale Uru una neno kubwa sana. Kitu kinachotembea nacho kina nishati ya mwendo: nusu ya kilo zake, mara kasi, mara kasi tena. Ukijumlisha hizo mbili unapata nishati makanika, na sheria inasema kwamba pasipokuwa na kinachosugua, jumla hiyo haibadiliki. Kimo kikipungua, mwendo unaongezeka kwa kiasi kilekile. Mwendo ukipungua, kimo kinapanda.

Galileo, mwanasayansi Mwitaliano, aliionyesha vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1638, na sisi huirudia darasani kwa uzi, jiwe na msumari. Unaning'iniza jiwe, unalivuta pembeni hadi alama ya chaki ukutani, unaliachia. Linapanda upande wa pili hadi karibu na mstari uleule. Sasa pigilia msumari katikati ya njia ya uzi, ili uzi ujikunje hapo na jiwe lilazimike kupanda kwa duara dogo, kwa njia tofauti kabisa. Bado linatafuta mstari uleule wa chaki. Njia imebadilika, kimo hakikubadilika. Watoto huwa wanasogeza msumari juu na chini wakijaribu kulidanganya jiwe, na mimi huwaacha wajaribu hadi kengele ilie.

Lakini Uru si uzi na jiwe. Simu yangu inaonyesha nyumbani ni mita 1,290 hivi kutoka usawa wa bahari, na shuleni mjini ni 840. Tofauti ni mita 450. Piga hesabu ya yule mtoto na ndizi zake: 130 mara 9.8 mara 450, unapata jouli 573,300, jouli kikiwa kipimo cha nishati. Ingekuwa hakuna kinachosugua, nishati hiyo yote ingegeuka mwendo, na ukitafuta kasi unapata mita 94 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 338 kwa saa. Ndege za abiria zinazotua uwanja wetu wa KIA hugusa lami kwa kasi ndogo kuliko hiyo. Mimi nilikuwa naingia Rau kwa kasi ya mtu anayekimbia.

Kwa hiyo ile tofauti, ile 338 ambayo haikuonekana, ilikuwa lazima iwe mahali. Sehemu ilikwenda hewani, maana mwili ukipita unaisukuma hewa nayo inabaki inavurugika nyuma yako. Sehemu ilikwenda kwenye matairi yanayobonyea na kokoto zinazorushwa. Ila kwa mtu aliyebana breki njia nzima, fungu kubwa lilikwenda kwenye rimu mbili za chuma zenye uzito wa kilo mbili na kitu. Jouli 573,300 zinatosha kuchemsha maji lita 1.7 kuanzia nyuzi 20. Ni birika la chai la familia nzima. Mimi chai ile nilikuwa naipika chini ya tyubu yenye viraka vitatu.

Watu wengi husema kwamba mzigo mzito ndio unaokimbiza baiskeli. Mwaka jana nilitaka tulipime jambo hili kwa mikono yetu. Kuna kipande cha barabara karibu na kwetu, kimenyooka, hakina kona wala watu wengi Jumapili mchana. Tulichukua ule mpira mwembamba wa maji wanaoutumia mafundi ujenzi kupata levo, mimi na vijana sita wa kidato cha tatu, tukapima kimo hatua kwa hatua kutoka juu hadi chini. Urefu wa barabara mita 120, kimo mita 12. Kazi hiyo peke yake ilichukua saa nzima, kwa sababu mpira ukiingia povu la hewa unadanganya na inabidi kuanza upya.

Nilianza nimesimama kabisa juu, nikaachia bila kupiga pedali na bila breki. Mimi na baiskeli tuna kilo 85. Kimo cha mita 12 kina jouli kama 10,000. Kama zote zingegeuka mwendo, simu ingeonyesha kilomita 55 kwa saa pale chini. Ilionyesha 41. Ukiirudisha 41 kwenye fomula unapata jouli 5,500. Maana yake ndani ya mita 120 tu, nikiwa sijagusa breki, hewa na matairi vilikwisha chukua jouli 4,500. Magurudumu yanayozunguka nayo yana fungu lake dogo ambalo hatukulihesabu.

Kisha tukafunga mawe ya kilo 40 kwenye keria na nikarudia. Sheria inasema kilo hazina kauli katika kasi: zipo upande wa kimo, zipo upande wa mwendo, zinaondoka zote mbili. Bila hewa ningepata 55 ileile. Simu ilionyesha 44. Vijana wakashangilia kwamba mzigo umeshinda, nikawaambia wasubiri kidogo tupige hesabu. Mzigo haukuongeza kasi ambayo mlima ungeweza kutoa, dari lilibaki 55. Ila hewa ilinishika kwa nguvu ileile kama mwanzo, maana kifua changu hakikuongezeka upana, na safari hii ilikuwa inashika kilo 125 badala ya 85. Ilipunguza sehemu ndogo zaidi ya jumla. Kijana mmoja alikaa kimya, akachora chini kwa kijiti, halafu akasema, "Kwa hiyo mwalimu, spidi ni karibu sawa, lakini anayetakiwa kusimamisha ana kazi kubwa zaidi." Ndiyo. Nilikuwa na jouli 9,300 badala ya 5,500. Raba za breki ni zilezile mbili.

Hapo ndipo panaponiuma zaidi nikiwa barabarani. Baba yangu mdogo aliendesha lori maisha yake yote, kati ya Moshi na mikoa ya kusini, na mlima wa Kitonga, kule Iringa, aliujua kama ua la nyumbani kwake. Alikuwa na kanuni moja: mlima utakaoupanda kwa gia ya pili, ushuke kwa gia ya pili. Hakusoma fizikia. Lakini chukua lori la tani 20 na ulishushe mita 450, kama kutoka kwetu hadi mjini. Ni jouli milioni 88. Joto hilo linachemsha ndoo 13 za lita 20. Hakuna ngoma ya breki iliyotengenezwa kumeza ndoo 13 za maji yanayochemka ndani ya dakika 20. Ikilazimishwa, ngoma inatanuka, bitana za breki zinapoteza mshiko, na kwenye magari ya breki za mafuta, mafuta yaliyonyonya unyevu yanachemka na kuwa na povu, dereva anakanyaga na mguu unazama. Watu husema breki zimefeli. Breki hazikufeli. Zilibebeshwa kimo cha mlima mzima peke yake.

Gia ndogo inagawa mzigo huo. Magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, injini inabana hewa na kusugua, na joto linatoka kupitia rejeta na ekzosi, mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, tena muda wote. Ndiyo sababu nawasihi madereva waache kuweka gari frii, yaani bila gia, wakishuka ili kubana mafuta. Kwanza, magari mengi ya siku hizi yakishuka kwenye gia bila kukanyagwa hukata mafuta yenyewe, kwa hiyo frii haikuokolei kitu, injini inabaki inakunywa ili isizimike. Pili, umeifungua ile njia moja nzuri ya joto ukaitupa, na umebakiwa na raba na chuma.

Kuna jambo jingine la kasi ambalo huwa sipiti bila kulifanyia jaribio, nalo ni hilo neno "mara kasi, mara kasi tena". Kwa nini mara mbili? Wasomi wa Ulaya waligombana juu ya hilo kwa miaka mingi. Wafuasi wa Descartes na wa Newton walipima nguvu ya kitu kinachotembea kwa uzito mara kasi. Leibniz, mwaka 1686, akasema hapana, ni kasi mara kasi. Miaka ya 1720 Willem 's Gravesande, mwalimu wa Leiden, Uholanzi, alidondosha tufe za shaba kwenye udongo laini na kutazama mashimo. Na Mfaransa Émilie du Châtelet, aliyekuwa amesoma kazi za pande zote mbili na baadaye ndiye aliyemtafsiri Newton kwa Kifaransa, akalitetea jambo hilo katika kitabu chake cha fizikia cha mwaka 1740. Ile nusu ya mbele iliwekwa baadaye, na Coriolis, mwaka 1829.

Sisi hatukuwa na shaba. Tulikwenda gereji tukaomba gololi moja ya beringi kuukuu, na dukani tukanunua gololi ya kioo ya watoto yenye upana uleule, milimita 16. Kwenye mizani ya maabara ile ya chuma ilikuwa gramu 16.7, ya kioo 5.4. Ya chuma ni nzito mara 3.1. Udongo wa mfinyanzi tuliukanda, tukauacha usiku kucha umefunikwa kwa gunia bichi, na asubuhi tukausawazisha kwa rula kwenye sinia.

Gololi ya chuma tuliiachia kutoka sentimita 30. Ya kioo kutoka 93, yaani mara 3.1 juu zaidi. Msichana mmoja mwenye mkono usiotetemeka ndiye aliyekuwa na bomba la sindano. Alijaza maji kwenye shimo la kwanza tone kwa tone hadi yakafika ukingoni bila kumwagika, akasoma. Akavuta pumzi, akaenda shimo la pili, akajaza, akasoma. Sawa. Tulirudia mara tano na tofauti ilikuwa tone moja, au tone moja na nusu. Kioo kile kilifika chini na kasi ya mara 1.76 tu ya chuma, si mara 3.1. Kama wale wa uzito mara kasi wangekuwa sahihi juu ya shimo, ingetubidi kukidondosha kutoka karibu mita tatu, juu ya paa la darasa. Tulipanda ngazi tukafanya na hilo pia. Shimo la mita tatu lilikuwa pana na la kina, halifanani kabisa na jingine. Hesabu ya uzito mara kasi nayo ina kazi yake kwenye migongano, tunaikuta baadaye. Lakini udongo unachimbwa na kasi mara kasi.

Na mwili wa mtu ni udongo pia. Bodaboda anayekwenda 40 kwa saa ana nishati ya mtu aliyedondoka kutoka mita 6, ghorofa ya pili. Akiongeza ifike 80, haiwi ya nne. Inakuwa mita 25, ghorofa ya nane. Nimeliandika hilo ubaoni na kuliacha wiki nzima bila kulifuta. Baadhi ya wanafunzi wangu hushuka asubuhi kwa mishikaki, watatu kwenye pikipiki moja, na ninataka kila mmoja aijue ghorofa aliyopo.

Nirudi kwenye joto, maana fundi wa Rau alikuwa na wenzake wakubwa. James Joule, mtoto wa mtengeneza bia karibu na Manchester, miaka ya 1840 alifunga vizito kwenye kamba, vikashuka huku vikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, na akapima maji yalivyopata joto. Alichokipata, kwa vipimo vyetu vya leo, ni kwamba maji yakidondoka mita 427 na nishati yote ikabaki ndani yake, yanapata joto la nyuzi moja tu. Rafiki yake William Thomson alisimulia kwamba mwaka 1847 alikutana na Joule njiani karibu na Chamonix, kwenye milima iliyo Ufaransa leo, yuko fungate na mkewe na ameshika kipimajoto, anataka kupima maji ya maporomoko juu na chini. Nampenda sana kwa hilo. Chukua maporomoko ya mita 80: tofauti ni chini ya sehemu moja ya tano ya nyuzi, na mnyunyizo na upepo vinaweza kuizidi. Nimewahi kujaribu Materuni na kipimajoto cha shule. Niliona ukungu na kuloana, basi. Lakini maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yanayotoka kwetu kuja mjini yanashuka mita 450, zaidi kidogo ya zile 427 za Joule. Nyuzi moja na kitu. Hiyo ndiyo thamani ya mlima wote wa utoto wangu ukiigeuza joto ndani ya maji.

Maji yasiyoachwa yasugue mawe bure yanafanya kazi nyingine. Mito ya upande huu hukusanyika kwenye Kikuletwa na Ruvu, ikaingia Nyumba ya Mungu, ambako mitambo ni ya megawati 8. Yakitoka hapo yanafuata Pangani hadi Hale, megawati 21, na Maporomoko Mapya ya Pangani, megawati 68, kabla ya kufika baharini. Kimo kinauzwa kidogo kidogo njiani.

Ni kwenye somo hilo la mabwawa ndipo yule msichana wa bomba la sindano aliponyoosha mkono. "Mwalimu, maji yalipandishwa na jua, sawa. Ndizi je? Ndizi zako za Uru nani alizipandisha?"

Nilisimama na chaki mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimehesabu ndizi kutoka juu kwenda chini, sikuwahi kuuliza zilifikaje juu. Hakuna aliyezibeba. Mkungu ule sehemu kubwa ni maji, na maji hayo yalikuwa mvua, na mvua ilikuwa bahari kabla jua halijaiinua. Kilichobaki karibu chote kimetoka hewani, kupitia jani. Kwa hiyo mikungu yangu mitatu ilikuwa mvua iliyochelewa kushuka, na kilichounguza raba zangu za breki lilikuwa jua. Nilimwambia hivyo, darasa likapiga makofi, na mimi niliondoka pale na furaha ambayo sikuipata tangu nilipopata shahada.

Jumamosi nikapanda kwenda kwa mama. Huwa napanda kwa baiskeli, kilo 85 kwa mita 450, jouli 375,000. Mwili huweza kugeuza kama robo tu ya chakula kuwa kazi, hivyo ni kama ndizi mbivu tatu au nne, na nilizila kabla sijaanza. Nilipofika mama alikuwa anamenya za mtori. Nikamweleza habari ya jua, rimu ikiwa nyuma yake na kitambaa chake juu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kinaendelea.

"Vizuri," akasema. "Jua limebeba. Na samadi?"

"Samadi ni ya ng'ombe wa hapahapa, mama."

"Ng'ombe wa hapahapa alikula nini? Kihamba kina majani gani ya kumshibisha ng'ombe? Majani nilikuwa nayafuata kule chini tambarare, nayapandisha kichwani. Umeyahesabu?"

Nikatoa kalamu. Nikamuuliza mzigo ulikuwa na uzito gani. Akasema kama debe la mahindi, au zaidi kidogo. Tukakubaliana kilo 25. Kimo mita 300. Nikazidisha, nikamwambia jouli 73,500.

"Na mimi mwenyewe je? Si nilijibeba pia?"

Kilo 60 nyingine. Nikafuta, nikaanza upya: 85 mara 9.8 mara 300. Karibu jouli 250,000.

"Hiyo ni safari moja," akasema, akatia ndizi kwenye sufuria. "Zilikuwa mbili kwa wiki. Andika."